Nani Anamuuliza Mchungaji?

Ukihamia ploti mpya Nairobi, majirani watakuuliza jina, watakuuliza nyumbani ni wapi, na kabla hujamaliza kupanga vyombo watakuuliza unasali wapi. Swali hilo halina ubaya. Wanataka kujua kama Jumapili mtapanda matatu moja, na siku ukifiwa waite kasisi au mchungaji gani. Kwa miaka mingi nilijibu kwa kutaja parokia niliyobatiziwa. Siku hizi nasema sisali, kwa kuwa siamini kuna Mungu. Kinachofuata baada ya jibu hilo kimenifunza mengi kuhusu mji huu.

Wengine hucheka wakidhani ni mzaha. Wengine hunipa pole, wakauliza ni msiba gani ulionikuta. Jirani mmoja aliyekuwa akiniachia mtoto wake akienda soko alfajiri, aliacha kabisa. Mtoto ni yuleyule, mimi ni yuleyule, lakini sasa nyumba yangu ilikuwa haina kinga. Nilikua katika familia ya Wakatoliki huko Machakos, nikasoma masomo ya Misa mbele ya watu wote, na imani ikaniondoka polepole nikiwa chuo cha uuguzi. Hakuna kasisi aliyenikosea. Nilitafuta sababu za kuendelea kuamini, sikuzipata. Hayo tu. Wala siko peke yangu: sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini, kati ya Wakenya wapatao milioni 47.6. Ni wachache, lakini wanatosha kujaza mji mkubwa.

Sitaki kubishana hapa kama Mungu yupo au hayupo. Nataka kusema nilichokiona kazini na mtaani: mtu akishasema anafanya jambo kwa jina la Mungu, sisi sote humwondolea maswali ambayo tungemuuliza mtu mwingine yeyote. Huo ndio upendeleo mkubwa ambao dini inao Kenya. Madhara mengi niliyoyashuhudia yamepitia mlango huo.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha umma upande wa Eastlands, kwenye kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Tulikuwa na mama mmoja aliyeuza mitumba Gikomba. Alikuwa mgonjwa ambaye kila muuguzi angetamani kuwa naye. Hakukosa tarehe ya kuchukua dawa, na akija aliwatia moyo wapya waliokuwa wakilia kwenye benchi. Kipimo chake cha wingi wa virusi kilirudi kikisema virusi havionekani. Tulifurahi naye siku ile.

Hapo panahitaji maelezo, kwa sababu ndipo kosa lilipoingilia. Dawa za ARV huzuia virusi visizaliane. Mtu akizimeza kila siku, virusi katika damu hupungua hadi mashine ya maabara ishindwe kuviona, na mtu huyo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Lakini virusi havijaisha. Vimejificha ndani ya seli, vimelala. Dawa zikikatizwa vinaamka, na kwa kawaida katika wiki chache tu vinarudi kwenye damu. Kwa hiyo karatasi inayosema "havionekani" ni ushahidi kwamba vidonge vinafanya kazi.

Mama huyu alikuwa ameanza kusali katika kanisa la mabati karibu na kwake. Aliipeleka karatasi ile kwa mchungaji, kwa furaha tu, apate kumshukuru Mungu. Mchungaji akaiinua madhabahuni, akaisoma kwa sauti mbele ya waumini wote, akatangaza muujiza. Mama akaitwa mbele kutoa ushuhuda. Kisha akaambiwa kwamba kuendelea kumeza dawa baada ya kuponywa ni kumkana aliyemponya.

Alipokosa tarehe tulimpigia simu, akatujibu kwa sauti ya furaha kwamba hatutamwona tena. Nilimtembelea nyumbani pamoja na mhudumu wa afya ya jamii. Alitupikia chai, tukazungumza kwa upole. Nilimweleza habari za virusi vilivyolala. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Sista, kwani wewe huamini kwamba Mungu anaweza?" Nilimwambia karatasi aliyonayo ni kazi ya vidonge alivyomeza kwa uaminifu, na kwamba sifa hiyo ni yake. Alitabasamu akatusindikiza hadi langoni.

Miezi kadhaa baadaye dadake alimleta kwetu akiwa amemshika kiunoni. Kichwa kilikuwa kinamuuma mno, shingo imekakamaa, mwanga unamchoma macho. Tulimpeleka hospitali kubwa, huko ikapatikana homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu, ugonjwa unaowapata watu ambao kinga yao imeporomoka. Hakupona. Mchungaji alikuja kwenye mazishi akaomba vizuri sana, akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, na watu wakaitikia amina.

Baada ya matanga dadake alinitafuta akitaka kujua ashtaki wapi. Nilidhani nitampa jibu mara moja. Mimi mwenyewe nina leseni ya Baraza la Wauguzi. Ningemwambia mgonjwa aache ARV, ningeitwa kujieleza na pengine nisishike tena sindano nchi hii. Mwenye duka la dawa ana bodi inayoweza kumfungia. Mwenye zahanati bandia akifichuliwa, maafisa huja na polisi na kufuli. Tulienda kwa chifu, akatusikiliza kwa huruma, akasema hayo ni mambo ya imani na yeye hawezi kuyaingilia. Kituoni polisi aliuliza kama marehemu alilazimishwa. Hakulazimishwa. Aliamini, na aliamini kwa sababu tangu utotoni amefunzwa, nasi sote tulimfunza, kwamba mtu wa Mungu hahojiwi.

Tangu siku hiyo kila mgonjwa wangu namuuliza waziwazi, "Kuna mtu amekuombea? Amekwambia nini kuhusu dawa?" Nimeshangaa jinsi majibu yalivyo mengi. Hawasemi wasipoulizwa, kwa sababu wanaogopa tutawaona wajinga. Si wajinga. Ni watu waliochoka kuumwa, na kuna mtu amewaahidi mwisho wa uchovu huo. Kuna wa insulini, wa kifafa, wa presha. Wengine waliambiwa wafunge siku kadhaa bila chakula wala maji huku wakiwa na kisukari. Ninayemkuta mapema humwambia aendelee kuombewa na aendelee kumeza dawa, vyote viwili. Simwambii aache kusali. Si kazi yangu, na singependa mtu aitumie nafasi yake kwangu namna hiyo.

Msifikiri ninasema juu ya makanisa madogo ya mabati pekee. Mwaka 2014 serikali ilikuwa ikiwachanja wanawake wa miaka 14 hadi 49 dhidi ya pepopunda. Pepopunda humpata mtoto mchanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa chombo kichafu. Mtoto hushindwa kunyonya, mwili hukakamaa, na wengi hufa. Mama akichanjwa humpa mtoto kinga kabla hajazaliwa. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitangaza kwamba chanjo hiyo imetiwa homoni ya kuwafanya wanawake tasa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema chanjo ni salama, lakini maneno ya askofu hufika vijijini kabla ya taarifa yoyote ya Geneva. Wanawake waliokuwa wameshakunja mikono ya nguo walizikunjua wakaondoka. Mwaka uliofuata maaskofu waliwataka waumini wasusie kampeni ya chanjo ya polio. Mwaka 2019 ilipoletwa chanjo ya kuwakinga wasichana wa miaka 10 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga pia.

Inaniuma zaidi kwa sababu Kanisa hilohilo linaendesha hospitali na zahanati nyingi, nyingine mahali ambapo serikali haijawahi kufika. Nilijifunza uuguzi mikononi mwa watawa waliokuwa hodari kuliko daktari yeyote niliyekutana naye baadaye. Watu huwaamini maaskofu kuhusu afya kwa sababu wameistahili imani hiyo wodini. Kwa hiyo askofu akisema jambo la kitaalamu bila ushahidi wa kutosha, anatumia heshima iliyochumwa na wale watawa.

Kisha ikaja Shakahola. Aprili 2023, katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ambao, kwa mujibu wa upande wa mashtaka, walihubiriwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na wengi walikuwa watoto. Mackenzie amekana mashtaka. Kwenye kliniki yetu runinga ya pale mapokezini ilikuwa ikionyesha mifuko ya miili ikibebwa, na wagonjwa wakisema hao ni mashetani, hao si Wakristo. Mimi nilikuwa nikifikiri juu ya jambo lingine: kwamba mtu huyo alikuwa amekamatwa kabla, zaidi ya mara moja, kwa mafundisho ya kuwakataza watoto shule na hospitali, na kila mara alirudi kwa wafuasi wake. Fikiria mwalimu wa shule ya chekechea akamatwe hivyo mara mbili tatu. Je, wazazi na serikali wangemrudishia watoto?

Kabla ya hapo, mapema mwaka 2016, Mwanasheria Mkuu alikuwa amependekeza kanuni za kusimamia mashirika ya dini. Makanisa makubwa na madogo yalisimama pamoja kupinga, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru zisitishwe. Sisemi kanuni zile zingeokoa watoto wa Shakahola. Baadhi yake hata mimi nisingeziunga mkono, maana zilitaka mhubiri awe na elimu ya theolojia, na cheti cha theolojia hakimzuii mtu kumdanganya mgonjwa. Lakini jinsi zilivyozikwa haraka, bila mjadala wa kutosha, ilionyesha ni nani nchini anayeweza kuiambia serikali "usituguse" na serikali ikatii.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Chama cha akina mama wa ploti yetu kina mweka hazina, kina daftari, na mwisho wa mwaka kila shilingi inasomwa hadharani. Sacco yangu hukaguliwa na huitisha mkutano wa kila mwaka. Mashirika ya dini yanaweza kusamehewa kodi ya mapato, majengo ya ibada yamesamehewa ada za ardhi, na katika makanisa mengi niliyoyafahamu hakuna muumini anayethubutu kuuliza sadaka ilienda wapi. Mwaka 2014 runinga moja ilionyesha jinsi mhubiri mmoja wa Nairobi alivyowaosha watu miguu kwa maji yaliyotiwa kemikali ya pamanganeti ya potasiamu ili yaonekane mekundu kama kwa muujiza, nao wametuma "mbegu", yaani sadaka, ya shilingi 310. Nchi ilishangaa kwa muda, mhubiri akaendelea na kazi. Sioni kosa la kulisamehe kodi kanisa linaloendesha zahanati na kuonyesha hesabu. Ninachouliza ni hesabu. Na haki itendeke: Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilikataa pesa ambazo Rais William Ruto alitoa katika parokia ya Soweto. Nilimpigia mama simu usiku huo kumwambia nimejivunia kanisa lake.

Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, na kinasema asilazimishwe kufanya kitu kinachopingana na imani yake. Dibaji ya katiba hiyohiyo inaanza kwa kutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa wenyewe ni sala. Sina ugomvi na wimbo wa taifa, nauimba. Lakini katika maisha ya kila siku, kifungu cha 8 ni vigumu kukipata. Mikutano ya kazini hufunguliwa kwa maombi, na anayeinamisha kichwa bila kufumba macho huonekana ana kiburi. Katika usaili wa kazi niliwahi kuulizwa kanisa langu, na nilipojibu, mmoja wa wasaili alifunga faili. Niliposimama mahakamani kuwa shahidi niliomba kuthibitisha badala ya kuapa kwa Biblia, jambo ambalo sheria inaliruhusu, na karani akaniuliza kwa sauti ya kusikika na chumba kizima kama mimi ni Mwislamu.

Kelele pia. Kanuni za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi ya watu. Kesha ya kanisa jirani huanza saa nne usiku na spika zake zinatazama madirisha yetu. Baa iliyokuwa mtaa wa pili ilifungiwa kwa kelele baada ya wakazi kulalamika. Wakazi haohao nilipowaletea karatasi ya malalamiko dhidi ya spika za kesha, hawakutia sahihi, ingawa asubuhi wanaamka na macho mekundu kwenda kazini. Mmoja aliniambia anaogopa laana. Mwanamke huyo ana mtoto mchanga.

Mwanangu yuko shule ya msingi ya umma, na hupenda vipindi vya dini kwa sababu ya nyimbo. Nilimuuliza mwalimu kuna nini kwa mtoto ambaye mzazi hataki ahudhurie. Akaniuliza, kwa ukweli kabisa, "Sasa atakaa wapi?" Nilimwacha aimbe na wenzake. Nyumbani humwambia kwamba bibi yake anaamini, mimi siamini, na yeye ataamua akiwa mkubwa. Bibi yake humwambia hivyohivyo, jambo ambalo lilinichukua muda kuligundua na lilinigusa sana.

Baba alipofariki, wanawake wa jumuiya ndogo ndogo za parokia walikuja kabla ya ndugu wa damu. Walifagia, walipika, walilala na mama kwa siku nyingi, na walitembeza bahasha iliyolipa nusu ya bili ya mochari. Walijua msimamo wangu. Hakuna aliyeutaja. Sisi tusioamini hatujajenga kitu cha namna hiyo Nairobi, na mtu yeyote anayeshambulia dini bila kulikumbuka hilo hajawahi kufiwa akiwa hana pesa. Ndiyo maana siombi makanisa yafungwe. Wanawake wale hawakuwahi kuhitaji kinga ya kutoulizwa. Daftari lao la michango lilikuwa mezani, jina kwa jina.

Mwaka jana nilimwendea mchungaji mwingine, wa kanisa dogo nyuma ya kituo chetu, nikamwomba dakika chache baada ya ibada. Nilimwambia kabisa kwamba mimi si muumini. Alifikiri, akasema njoo. Nilikwenda na mashine ya kupima presha, nikaeleza habari za virusi vilivyolala, kisukari na kufunga, na kwa nini presha huua mtu asiyeumwa popote. Foleni ilifika nje. Mchungaji mwenyewe alikaa kupimwa, akapatikana na presha ya 180 kwa 110, iliyo juu mno. Alikuwa ameacha vidonge tangu mkesha wa mwaka mpya. Sasa huchukua dawa zake kwetu, na hutangaza madhabahuni kwamba anazimeza. Akiombea mgonjwa humwambia aendelee na dawa hadi daktari aseme. Hatujakubaliana kuhusu Mungu, na sidhani tutakubaliana.

Lakini wema wa mchungaji mmoja haumlindi mgonjwa wa kanisa la pili. Serikali ilipounda jopo la kuchunguza mashirika ya dini baada ya Shakahola, chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, mimi na dada wa marehemu tuliandika maoni yetu tukayapeleka. Hatukutaja theolojia. Tuliomba kila shirika la dini linalosamehewa kodi lisome hesabu zake mbele ya waumini wake kila mwaka. Tuliomba kanuni za kelele zitumike kwa spika zote. Na tuliomba iwe ni kosa la jinai, lenye afisa anayejulikana wa kulipokea, kwa mtu yeyote kumwambia mgonjwa aache dawa aliyoandikiwa, awe amevaa koti jeupe au joho.